Kubisha Hodi kwenye Kisanduku

Asubuhi ile Mkasi alisimama mlangoni mwa ukumbi wa kola akitabasamu, na wanawake wa kwanza kufika wakampa pole.

"Ni jino?" akauliza mmoja.

"Si jino. Piteni."

"Ni jino la mwisho," mwingine akamweleza mwenzake bila kushusha sauti. "Likianza hilo, mdomo unavutika hivyo hivyo. Shemeji yangu lilimkamata, akakaa msibani siku nzima watu wanadhani anacheka."

Mkasi hakujibu, kwa sababu alikuwa ameelekezwa asifunge mdomo mpaka mtu wa mwisho aingie. Yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wa ukumbi ule katika kiwanda cha mashati, na sura yake tangu ujana ilikuwa ndefu, sura ya mtu anayesubiri zamu kwenye foleni. Jina lenyewe alilipata enzi alipokuwa mkata vitambaa, kabla kazi hiyo haijapewa mashine. Wiki iliyotangulia Afisa Utumishi, kijana mmoja nadhifu ambaye kiwanda kizima kilimwita Bwana Tabasamu, alimkalisha mbele ya kioo nusu siku akimfundisha namna kiongozi anavyowapokea watu wake. Meno ya juu tu. Macho nayo yashiriki. Meno ya Mkasi yalitii, lakini macho yalikataa katakata.

Wa mwisho kufika alikuwa mkewe. Kiwandani aliitwa Mama Kola, maana miaka ya mwanzo hakuna shati lililotoka pale kabla kola yake haijapita mikononi mwake. Alikunja uso akamtazama mumewe, akasogea karibu, akamtazama tena.

"Unatukenulia nini?"

"Ndiyo kazi hiyo. Pita."

"Nyumbani hujanikenulia tangu tuoane. Ulikuwa unangoja tuje huku mbele za watu?"

"Mama, pita. Bonyeza kisanduku, ukakae kwenye cherehani."

Kisanduku kilikuwa kimepachikwa ukutani kando ya mlango, kama kwenye kumbi zote. Kilikuwa na vitufe vitatu vyenye nyuso: cha kijani kinacheka, cha njano kimekaza mdomo, chekundu kimenuna. Juu yake pameandikwa kwa herufi kubwa: UMEAMKAJE LEO? SISI NI FAMILIA. Vijana wa kumbi nyingine walibonyeza kijani huku wakitembea, kama mtu anayefukuza nzi. Mama Kola hakuwa na haraka. Alipapasa mpaka akakipata kitufe cha mwisho upande wa kulia, kile chekundu, akakibonyeza mara tatu, akiacha kituo kati ya mara moja na nyingine. Kisha akasogea kando, akafumbata mikono, akangoja. Hakuna aliyekuja. Akaenda kukaa.

Mumewe alimwona. Aliendelea kutabasamu, kwa kuwa mlango ulikuwa bado wazi.

*

Kiwanda kile kilianzia kwenye banda la kuku, na kuku wenyewe wakiwamo. Mwenye banda alikuwa mshonaji aliyeitwa Dada Mkubwa, na cherehani zilifika kabla hajapata mnunuzi wa kuku, basi wakafanya kazi pamoja. Wapo wanaoapa kwamba mteja mmoja alirudisha shati akidai kakuta yai mfukoni, na kwamba Dada Mkubwa alilipokea shati na kumdai bei ya yai. Wengine wanasema halikuwa yai, kilikuwa kifaranga. Kwa hilo kila mtu abaki na lake. Lisilo na ubishi ni birika.

Kila asubuhi, kabla cherehani hazijaanza kulia, Dada Mkubwa alipita na birika la chai. Alisimama mbele ya kila mmoja, birika limeinuliwa, akauliza, "Umelala vipi?" Hakumimina mpaka ajibiwe, na hakupokea neno "salama" kutoka kwenye uso uliovimba. "Hiyo salama umeiazima kwa nani?" angeuliza. "Irudishe, useme yako." Aliyekuwa na mtoto mgonjwa, au aliyegombana nyumbani, siku hiyo hakupewa kola wala mikono. Alipelekwa dirishani kushona vifungo, kazi ya kukaa kimya na kutazama nje. Kuna aliyewahi kueleza habari za mama mkwe wake mpaka chai ikapoa, ikachemshwa, ikapoa tena. Siku hiyo halikushonwa shati hata moja, na kila mtu alirudi kwake ameshiba.

Hata Mkasi, ambaye maneno yalimtoka kama yananunuliwa, ilimbidi ajibu. Ndivyo alivyoposa. Aliulizwa amelala vipi, akasema hakulala. Akaulizwa kwa nini. Akaelekeza kidevu kwa msichana wa kola. Birika likainama lenyewe, chai ikamwagikia mguu wa mtu wa vifungo, na mpaka leo mtu huyo anadai ndiye mshenga.

Kisha zikaja oda za shule, za hospitali, za kampuni za ulinzi. Banda likawa jengo, jengo likazaa mengine, na Dada Mkubwa akawa Mkurugenzi, akapanda ghorofani. Hakuna birika lenye chai ya kuwafikia watu wote wale, naye alilijua hilo na lilimuuma. Siku alipomwajiri Bwana Tabasamu alimwambia jambo moja tu: "Nataka kila mtu hapa aulizwe ameamkaje." Kijana akaenda akafikiri, akarudi na visanduku.

Aliyevifurahia kuliko wote alikuwa Mama Kola. Alisoma swali akaona ni lile lile la zamani. Akabonyeza chekundu, akasimama kumngoja atakayekuja, na birika au bila birika. Alingoja mpaka akaandikwa kuwa amechelewa kazini. Kesho yake akawaza kwamba huenda hawakusikia, akabonyeza mara tatu, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ambayo ana hakika wenyewe wamo. Wenzake wa enzi za banda wakamwuliza afanyalo. Akawaeleza, wakaona ni jambo la adabu. Basi tangu hapo ukumbi wa kola ukawa unabisha hodi kila asubuhi, tatu tatu, watu wazima wamejipanga mstari. Na kwenye runinga ya kantini, ambako kila ukumbi ulionyeshwa kwa rangi yake, ukumbi wa kola ukawaka mwekundu mwezi baada ya mwezi.

*

"Ijumaa naitwa juu," alisema Mkasi jioni, akiisogeza sahani ambayo hakuigusa.

Walikuwa wamekaa sebuleni, yeye, mkewe, na binti yao wa mwisho aliyekuwa akisoma chuo cha famasia. Binti alikuwa na kikopo cha sindano mapajani, akitunga uzi, sindano moja baada ya nyingine, za mama yake kutumia. Mama alikuwa amemwambia ni kwa sababu taa ya sebuleni ina mwanga mbaya. Taa ilikuwa imeshabadilishwa, na ile mpya nayo ikaonekana ina mwanga mbaya, na binti akaacha kuuliza.

"Juu kufanya nini, baba?"

"Kuvuliwa usimamizi. Ukumbi wangu ndio unaoongoza kwa huzuni kiwanda kizima. Leo kantini kitoto cha ukumbi wa vifungo kimeniuliza kama huko kwangu tunashona sanda."

"Ukamjibu nini?"

"Nimemtabasamia. Si ndivyo nilivyofundishwa."

Binti akacheka, kisha akaona baba yake hacheki.

"Wanataka kumweka mtu anayewajali watu," akaendelea Mkasi. "Ndivyo alivyosema yule kijana, tena kwa upole, akanishika na bega. Miaka yote hii. Nawaona wanavyobonyeza, mama. Wananipita pale mlangoni, wananiamkia vizuri, halafu wananinunia ukutani. Sijui nimewakosea nini."

Mama Kola alikuwa akikunja na kukunjua upindo wa kanga yake. "Si wewe," akasema.

"Sasa nani? Msimamizi ni mimi."

"Nimekwambia si wewe."

"Na posho ya usimamizi ikiondoka," akasema binti taratibu, macho yakiwa kwenye tundu la sindano, "ada yangu ya muhula wa mwisho inatoka wapi?"

Mkasi akaichukua sahani yake, akaipeleka jikoni mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na wote wawili wakamsikia akisimama huko bila kufungulia maji.

"Mama," binti akanong'ona, "mwambie."

"Nimwambie nini?"

"Unalijua."

Mama Kola alilijua. Ukungu machoni ulianza kama mvuke juu ya kioo, akawa anajifuta macho kwa kanga. Halafu mvuke ukakataa kufutika. Sasa aliitambua kola kwa ncha ya kidole, na watu aliwatambua kwa mwendo na kwa sauti. Siku za banda angelisema mbele ya birika na kupelekwa dirishani. Siku hizi udhaifu wa mwili unaripotiwa kwa msimamizi, msimamizi anauandika, na ukishaandikwa mtu anatolewa kwenye cherehani mpaka itakapoamuliwa vinginevyo. Kwa hiyo hakumwambia mtu. Alibisha hodi tu, akitumaini atakayefungua atakuwa mtu wa kumwambia.

Mkasi aliporudi sebuleni alimkuta mkewe ameshasimama.

"Kesho watabonyeza kijani," akasema. "Niachie mimi."

"Usiwalazimishe watu."

"Nimemlazimisha nani tangu nizaliwe?"

Mkasi na binti walitazamana.

*

"Leo kijani, jamani," Mama Kola aliwaambia wenzake nje ya mlango.

"Kwani tumejibiwa?" akauliza Bibi Pasi, aliyekuwa akinyoosha kola kwa pasi tangu enzi za pasi ya mkaa.

"Bado."

"Sasa kijani cha nini? Mtu hajakufungulia mlango, unamshukuru?"

"Ni kwa ajili yake huyo hapo."

Wote wakamgeukia Mkasi, aliyekuwa amesimama mahali pake, meno nje.

"Kwa ajili ya jino lake?" akauliza Bibi Pasi.

"Kwa ajili ya jino lake, ndiyo. Bonyezeni."

Wakapita wakabonyeza kijani, na kwa kuwa mkono ulishazoea, kila mmoja akabonyeza mara tatu.

Kabla ya chakula cha mchana Bwana Tabasamu alishuka ngazi akikimbia. Alimvuta Mkasi nyuma ya marobota ya vitambaa, na safari hii hakumshika bega.

"Umewafanya nini?"

"Nani?"

"Watu wako. Walikuwa wekundu miezi yote, leo asubuhi moja wote kijani. Tena kijani mara tatu ya idadi ya watu. Mzee wangu, mtu hafurahi namna hiyo. Hiyo ni hofu. Umewatisha."

"Sijamtisha mtu."

"Unatabasamu hata sasa."

Ilikuwa kweli. Mdomo ulikuwa umeganda kwenye mafunzo. Mkasi akaufunga kwa mkono.

"Mimi nilikuwa nakutetea," alisema kijana, na macho yake yalionyesha hasemi uongo. "Nilitaka urudishwe kazi ya kawaida, basi. Lakini kutisha wafanyakazi ni kufukuzwa. Hilo siwezi kulipunguza. Ijumaa ujiandae."

Habari ile ilifika kwenye cherehani kabla Mkasi hajatoka nyuma ya marobota. Vitambaa vina masikio, au labda ni Bibi Pasi aliyekuwa upande wa pili akitafuta kitu ambacho hakikupotea. "Shoga," alimwambia Mama Kola, "kijani chako hicho kinamfukuzisha mumeo." Mama Kola akaondoa mguu kwenye kanyagio. Kola iliyokuwa chini ya sindano ikabaki nusu.

*

Ijumaa Mkasi alikalishwa kwenye kiti laini kilichommeza mpaka magoti yakamfikia kifuani. Mbele yake Dada Mkubwa, siku hizi Mkurugenzi, alikaa nyuma ya meza pana kama ya kukatia, isipokuwa hii haikuwa na kitambaa. Bwana Tabasamu alikuwa akieleza chati kwa sauti ya kusikitika. Mlangoni kukasikika mabishano.

"Mama, una miadi?" ilikuwa sauti ya katibu.

"Nilikuwa nayo, ya kila asubuhi."

Mlango ukafunguka. Mama Kola aliingia akiushika ukuta, maana ngazi zote alizipanda kwa kupapasa kwa mguu, na pumzi ilikuwa bado haijamrudia.

"Kola," alisema Mkurugenzi. Ni miaka mingi hakuna aliyemwita hivyo, bila Mama mbele yake. "Kuna nini?"

"Mwacheni huyu. Hajamtisha mtu. Wekundu ni wangu na kijani ni changu."

"Mama, rudi kazini," alisema Mkasi kutoka ndani ya kiti.

"Nyamaza wewe. Unafukuzwa na mdomo umeufunga." Akageukia upande wa meza. "Dada, kile kisanduku kinauliza nimeamkaje. Nikajibu vibaya. Nikangoja. Hakuja mtu. Nikabisha tena, na wenzangu nikawaambia wabishe. Mara tatu, kama watu."

Bwana Tabasamu alikuwa ameacha kupumua. "Mara tatu kila mmoja? Kwa hiyo ile huzuni yote…" Akaitazama chati yake kama anavyotazamwa ndugu aliyeaibisha ukoo. "Mama yangu, kisanduku hakimwiti mtu. Kinakusanya tu."

"Kinakusanya kinampelekea nani?"

"Mimi. Lakini hakiniambii ni nani amebonyeza. Tulifanya makusudi, ili mtu aseme ukweli bila woga wa kujulikana."

"Nisijulikane? Mwanangu, mimi nilikuwa nasimama palepale mlangoni ili unione."

Mkurugenzi aliinuka, akaizunguka meza, akaja akasimama mbele ya Mama Kola kama zamani, ila mikononi hakuwa na kitu.

"Ulitaka kuniambia nini?"

Mama Kola alikuwa ameyapanga maneno yake kwenye ngazi, yote kuhusu mumewe. Hilo hakuwa amelipanga. Alitazama mahali sauti ilikotoka.

"Sioni, Dada," akasema. "Hata wewe hapo nakujua kwa sauti. Kola nashona kwa kidole. Nimewahi kujishona kidole, nikanyamaza. Watoto wengine niliwazaa mwenyewe, huyu wa jicho kaja bila kuitwa, na ni wawili, kila jicho na wake."

Mkurugenzi alimgeukia Mkasi.

"Wewe ndiye msimamizi wake. Hukujua?"

"Nilijua," alisema Mkasi.

Mkewe akageuka pole pole.

"Nilijua tangu aanze kunitambua kwa viatu," akaendelea Mkasi, akitazama magoti yake. "Kola zake zilikuwa zinakwenda upande. Kazi ikiisha nabaki, nazifumua, nashona upya, nazirudisha kwenye kreti yake. Nilisema kama mkaguzi hazioni, hakuna wa kumwandika."

"Wewe?" alisema Mama Kola. "Unashona?"

"Najifunza."

"Samahani," aliingilia Bwana Tabasamu, akipekua kichwani mwake. "Yale mashati ya hospitali waliyoturudishia, wakasema kola zake zimekaa kama masikio ya mbwa…"

"Hayo ni yangu. Yake yalikuwa na kasoro ndogo tu."

Mama Kola hakucheka. Alimsogelea mumewe mpaka akamwona, yaani karibu kabisa, na akaongea kwa sauti ya chini kana kwamba wako peke yao.

"Umelijua muda wote huo na hukuniuliza?"

"Ningekuuliza ungenijibu. Ukinijibu, mimi ni msimamizi, ni lazima niandike."

"Na nyumbani? Nyumbani nako ni msimamizi?"

"Nyumbani ni mimi yule yule, mama. Siwezi kulijua nyumbani nisilijue kazini."

Mkurugenzi alirudi kwenye kiti chake, akakaa kama mtu aliyetembea mwendo mrefu. "Hii sheria ya kuandika watu nani aliiweka?"

"Wewe," alijibu Bwana Tabasamu. "Mwaka tulipohamia jengo hili. Baada ya yule aliyeumia kwenye mashine."

"Eeh. Ilikuwa sheria nzuri."

"Ni nzuri bado," kijana akasema. "Mama, kadi yako ya bima unayo? Macho yamo. Yamo tangu mwaka juzi. Mtoto wa jicho hutolewa asubuhi, mchana uko nyumbani."

"Kadi ipi?"

"Ya plastiki. Tulimpa kila mtu."

Mama Kola akaingiza mkono kwenye mfuko wa aproni, akaitoa. Pembe zote nne zilikuwa zimelika, na picha yake imebaki nywele tu. "Hii? Ndiyo nasukumia ncha za kola zitokeze nikishaigeuza. Haina mfano, nyembamba halafu ngumu. Ukumbi mzima tunaitumia."

Bwana Tabasamu aliipokea kwa mikono miwili. Enzi za birika, mtu akiugua walichangishana kwenye bakuli la kupimia vifungo, na wapo ambao bakuli halikuwatosha. Mkurugenzi aliwakumbuka, mmoja mmoja. Hakuwataja.

"Mkasi," akasema hatimaye, "hukumtisha mtu, hufukuzwi. Lakini hospitali wamevunja mkataba kwa sababu ya kola zako. Siwezi kukuacha usimamie."

"Najua."

"Utarudi kwenye kukata."

"Siku hizi ni mashine. Siijui."

"Utafundishwa."

"Huko nako lazima nitabasamu?"

"Huko utazame vidole vyako."

Mkasi akajikwamua kwenye kile kiti, mara mbili kikimrudisha, na ya tatu mkewe akampa mkono.

*

Ada ya binti iliumiza kichwa. Kaka zake wakabanwa, wakatoa walichotoa huku wakilalamika kwa simu, na yeye mwenyewe akapata kazi ya mwisho wa wiki kwenye duka la dawa, akawa anarudi na miguu imevimba na hadithi za wateja.

Kiwandani visanduku vilibaki, ila iliamuliwa kwamba ukumbi ukiwaka mwekundu, Bwana Tabasamu anashuka mwenyewe kuuliza. Wiki ya kwanza ukumbi wa kola ulimbishia hodi mpaka suruali zikampwaya. Inasemekana alipungua kiasi kwamba Bibi Pasi alimpima upya na kumpunguzia mashati yote, bure. Alijua habari za mama wakwe ambao hajapata kuwaona. Na asubuhi moja Mkurugenzi naye alishuka, na birika. Alianza meza ya kwanza, umelala vipi, akajibiwa kwa kirefu. Meza ya tatu chai ikaisha. Kumbi nyingine zilikuwa zinangoja kola, mhasibu amesimama mlangoni akitazama saa, na wanawake wa zamani wakamwambia, "Dada, nenda, tumeshakuona." Akapanda ngazi na birika tupu. Ngazi ya katikati alisimama kidogo. Waliokuwa chini wakajifanya wanashona.

Mama Kola alifanyiwa upasuaji wa jicho moja kwanza, bendeji akaondolewa nyumbani, barazani, na binti yake, aliyenawa mikono mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Mkasi alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele yao. Alikuwa ametoka kwenye mafunzo ya mashine ya kukata, vidole vyote vipo, na amevaa shati safi kwa ajili ya tukio lile.

"Usikodoe, mama. Fungua pole pole."

Akafungua. Akamtazama binti yake, akamgusa shavu, akamwambia amekonda. Kisha akamgeukia mumewe, na huko akakaa muda mrefu.

"Kumbe umezeeka hivi," akasema.

"Nilizeeka zamani. Nilikuwa nafaidi tu."

"Na mvi zote hizo. Na hiyo kola?" Akainama mbele. "Hiyo kola kashona nani?"

Mkasi akaifunika kwa mkono. "Mtu mmoja tu."

"Vua."

"Mama, tuko barazani."

"Vua nimekwambia. Huwezi kukaa mbele ya macho yangu mapya na kitu kama hicho."

Akavua, akampa, akabaki na fulana mchana kweupe. Mama Kola alilaza shati mapajani, akaanza kufumua uzi mmoja mmoja, akiguna kila alipokutana na fundo. Jirani aliyekuwa akipita na ndoo ya maji akasimama.

"Joto, mzee?"

"Hapana," alisema Mkasi. "Nasahihishwa."